"Hapa Lami Inapita"

Mwenye mtaji mdogo anayetafuta kiwanja au nyumba kati ya Ruanda na Mbamba Bay atafaidika zaidi kwa kutembea na kusikiliza kuliko kwa kuwahi

Ukishuka kwenye gari Ruanda, wilayani Mbinga, na viatu vyako vikaonekana havijashika vumbi la makaa, hutamaliza soda kabla hujaonyeshwa kiwanja. Atakuja kijana mwenye simu mbili na pikipiki moja. Atakuita bosi, atakupakia, atakushusha pembeni mwa barabara ya kwenda Lituhi, kisha atanyoosha mkono juu ya shamba la mihogo na kutamka maneno matatu yanayouza ardhi kuliko tangazo lolote: "Hapa lami inapita."

Maneno hayo yana ukweli, na hatari yake iko humo humo. Uongo mtupu haumfilisi mtu makini. Humfilisi ukweli uliokuja kabla ya wakati wake, ukauzwa leo kwa bei ya kesho.

Makala haya ni ya mwenye milioni tano, kumi au ishirini, si ya kampuni. Ni ya mwalimu, nesi, mkulima wa kahawa aliyepata msimu mzuri, au mtoto wa Mbinga aliyeko Dar es Salaam anayetaka siku moja arudi nyumbani akute kitu kinachoingiza kodi. Mtu huyu akikosea mara moja, hana mtaji wa kukosea mara ya pili.

Makaa, lami na bandari

Kilichoiamsha Ruanda ni mgodi wa Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro. Kampuni ya Tancoal, iliyoanza kama ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Australia ya Intra Energy, ilianza kuchimba makaa ya mawe hapo mwaka 2011. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku makaa ya kutoka nje, wenye viwanda wakalazimika kugeukia ya nyumbani, na malori yakaongezeka. Kisha ikaja 2022. Vita vya Ukraine viliifanya Ulaya itafute makaa popote yalipo, na makaa ya Ruvuma yakawa yanasafiri zaidi ya kilomita 600 kwa malori hadi bandari ya Mtwara.

Kila lori lina dereva na utingo. Wanakula, wanalala, wanaziba pancha, wanatuma pesa nyumbani. Ndiyo maana penye foleni ya malori huota mama lishe, gesti, wakala wa simu na fundi matairi, na nyuma yao huota vyumba vya kupanga. Hiyo ndiyo faida ya kweli aliyoiona mwenye kiwanja.

Lakini mwaka 2023 bei ya makaa duniani iliteremka sana kutoka kilele chake. Aliyejenga gesti ya vyumba kumi kwa hesabu ya foleni ya 2022 alikuwa ameweka akiba yake chini ya mizani inayoshikwa na watu wasioijua hata njia ya kufika Ntunduwaro.

Ukiteremka upande wa Ziwa Nyasa, hadithi ni hiyo hiyo kwa sauti nyingine. Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga na kuwa wilaya mwaka 2012. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za milima na kona, sasa ni lami. Mkataba wa kujenga bandari mpya ya Mbamba Bay ulisainiwa mwishoni mwa 2023. Juu ya hayo kuna reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo imekuwa ikizungumzwa tangu vijana wa leo wako shule ya msingi. Dalali wa Mbamba Bay anayo yote hayo mdomoni: lami, bandari, reli, watalii. Huyataja kwa pumzi moja, kana kwamba lami iliyokwisha kumwagwa na reli iliyoko kwenye makaratasi ni kitu kimoja.

Kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kuvitenganisha. Chukua karatasi, andika safu tatu: kilichopo, kinachojengwa, kinachosemwa. Bei unayotajiwa ilinganishe na safu ya kwanza. Safu ya pili unaweza kuilipia kidogo. Safu ya tatu usiilipie hata shilingi; ikitimia, iwe nyongeza yako.

Waliosubiri bandari

Atakayeona ushauri huu ni woga, na aende Bagamoyo. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea Tanzania, bandari kubwa ya Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa makubaliano yaliyotangazwa. Oktoba 2015 jiwe la msingi likawekwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti ya wawekezaji. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa. Hesabu mwenyewe: aliyenunua shamba 2013 kwa mkopo wa miaka mitano, akiitegemea meli ya kwanza, alimaliza kulipa benki kabla hata mabishano hayajakwisha.

Mtwara nako, gesi ilipotajwa kwa nguvu miaka ya 2012 na 2013, hoteli na nyumba za kupanga ziliinuka kwa kutegemea wageni wa mafuta na gesi. Waliopona vizuri ni wale ambao nyumba zao ziliwafaa pia watumishi wa kawaida: karani, mwalimu, mfanyabiashara wa korosho. Mgeni alipopungua, mwenyeji alibaki.

Kwa mtu wa Ruanda somo ni fupi. Nyumba yako mpangishie kwanza mtu ambaye angekuwapo hata mgodi ukilala. Dereva wa lori awe mpangaji wa ziada. Shule ikipata mwalimu mpya, zahanati ikipata muuguzi, kijiji kikipata mtendaji kutoka mbali, hao wanahitaji chumba chenye bati lisilovuja, choo safi na umeme. Hawatapanda na kushuka na bei ya makaa.

Dili halitangazwi

Kiwanja kilichofika kwenye kundi la WhatsApp kimeshapita mikono minne, na kila mkono umeongeza chake. Dili zuri la mtu mdogo hupatikana kabla halijawa tangazo, na mahali pa kulitafuta ni kwa watu ambao kazi yao ya kila siku huwafanya wajue mambo ya nyumba bila kutaka.

Wa kwanza ni muuza duka la vifaa vya ujenzi. Yeye anajua nani alinunua saruji kila wiki kisha akanyamaza, nani aliishia lenta, nani alilipia bati nusu na hakurudi. Wa pili ni fundi mwashi, ambaye anadai fedha katika nusu ya maboma ya kata nzima. Wa tatu ni mwalimu mkuu; muulize walimu wake wanalala wapi, naye atakueleza soko la vyumba vizuri kuliko dalali yeyote. Wa nne ni mama lishe wa stendi, anayesikia nani anahama na nani anagombana na mwenye nyumba. Kunywa chai kwake siku tatu mfululizo, usiulize bei ya chochote siku ya kwanza.

Hawa watakuongoza kwenye kile ambacho wengi hukipita: pagale. Kila mji mdogo wa Ruvuma una nyumba zilizoishia njiani, kuta zimesimama, majani yameota sebuleni. Nyuma ya kila pagale kuna kisa: uhamisho, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, msimu mbaya wa kahawa. Mwenyewe mara nyingi hajui kama anataka kuuza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza kwa heshima.

Lakini pagale hununuliwa kwa macho. Kuta nyingi za huku ni tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, na mvua za milima ya Umatengo, zinazoanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuchapa hadi Aprili au Mei, hazina huruma na ukuta usio na paa. Sukuma kwa mkono mistari mitatu ya juu. Ikitikisika, hesabu kwamba utaibomoa. Angalia pembe kama zimefunguka. Chimba kidogo pembeni uone msingi ni wa mawe au ni tofali zilizozikwa. Nenda siku ya mvua, uone maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Mpeleke fundi wako, asiwe yule aliyeijenga, naye umlipe kwa ajili ya kuangalia tu, ili asiwe na sababu ya kukusifia kazi anayotaka kupewa.

Dalali si adui. Anajua njia na anaokoa muda. Ila patana naye mapema malipo yake ni kiasi gani na yatatoka kwa nani, na usimpe yeye fedha za muuzaji. Dalali anayekataa ukutane na mwenye mali ana jambo lake.

Hesabu ya kwenye daftari

Tuchukue mfano, tarakimu ziwe za kujifunzia tu. Umepata boma la vyumba vinne kwa milioni tano. Kulimalizia, yaani paa, milango, sakafu na plasta, ni milioni tisa. Choo, umeme na maji ni milioni mbili. Jumla milioni 16. Kila chumba utakipangisha shilingi 35,000 kwa mwezi, vinne ni 140,000.

Hapo wengi hukimbilia kuzidisha kwa 12, wakapata 1,680,000, wakaenda kulala na furaha. Usilale. Wapangaji huhama, vyumba hukaa wazi; zidisha kwa kumi tu, upate 1,400,000. Toa kodi ya Serikali ya pango, asilimia kumi: 140,000. Toa matengenezo, kitasa, rangi, shimo la choo: tuseme 160,000. Umebaki na 1,100,000. Kwa mtaji wa milioni 16, hiyo haifiki asilimia saba kwa mwaka, na fedha yako itarudi baada ya miaka zaidi ya 14.

Sasa linganisha. Hati fungani za Serikali za miaka 20 na 25, zilizouzwa na Benki Kuu kati ya 2022 na 2024, ziliahidi riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, bila mpangaji wa kumfuata tarehe moja. Ili nyumba yetu ya mfano ifike asilimia 12, gharama yake yote, kuanzia kununua hadi kitasa cha mwisho, isizidi milioni tisa na kidogo.

Kuna majibu ya haki kwa hoja hii. Nyumba hupanda thamani, kodi huongezeka na maisha, nyumba unaweza kuilalia mwenyewe, mtoto anaweza kuirithi. Yote kweli. Lakini sasa unajua unachokilipia: kati ya milioni 16, karibu milioni saba unazitoa kwa ajili ya matumaini. Pengine utaridhika kuzitoa. Angalau umezitoa ukiwa macho, na unajua bei ya kuanzia unapokaa mezani na mwenye boma.

Fremu za biashara huweza kulipa vizuri kuliko vyumba, kwa sababu muuza duka hafungi kirahisi mahali alipozoeleka. Lakini fremu hutaka kukaa barabarani, na barabarani ndiko walikoumia wengi.

Mita 30, mita 60 na kumbukumbu za wazee

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla yake ilikuwa mita 22 na nusu kila upande. Barabara inayopita Ruanda kwenda Lituhi si njia ya mtaa. Kwa hiyo dalali anaposema lami inapita, muulize kwa upole: inapita wapi hasa? Chukua futi kamba, anzia katikati ya barabara, hesabu mita 30 mbele ya macho yake. Mara nyingi fremu zenye wateja wengi ziko ndani ya kamba hiyo. Siku ya kupanua itakapofika, lami itapita kweli, na itapita sebuleni.

Watanzania wote wanaijua alama ya X. Wenye X nyekundu wamo ndani ya hifadhi na huambiwa waondoke. Wenye X ya kijani ni wale ambao upanuzi uliwakuta, hao hufikiriwa kulipwa. Mnunuzi wa leo aliyeingia ndani ya hifadhi akijua au asijue, rangi yake ni nyekundu.

Kule ziwani kuna kipimo kingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bwawa au bahari. Kiwanja cha Mbamba Bay au Liuli kinachosifiwa kwa "kugusa maji" kinaweza kuwa kizuri kwa kupigia picha na kibaya kwa kujengea.

Na ukingo wenyewe hautulii. Ziwa Nyasa lina tabia ya kushuka na kupanda kwa vizazi. Kuanzia mwaka 1915 hadi 1935 lilishuka kiasi kwamba mto Shire, unaolitoa maji upande wa kusini, uliacha kutiririka. Kufikia 1980 lilikuwa limepanda sana. Mtu akipima mita zake 60 mwaka wa maji machache, watoto wake wanaweza kuzipima tena wakiwa wamesimama majini. Kabla ya kununua karibu na ufuko, tafuta bibi au mzee aliyekuwa mtu mzima miaka ya mwisho ya sabini. Mwombe akuonyeshe maji yalifika mti gani. Hiyo ni ramani ambayo haipo ofisini.

Ruanda inaongeza swali la tatu: chini kuna nini? Kwa Sheria ya Madini ya 2010, madini ni mali ya umma yanayosimamiwa na Serikali; unachonunua ni cha juu ya ardhi. Eneo likiwa ndani ya leseni ya uchimbaji, unaweza kuhamishwa kwa fidia. Wapo wanaonunua kwa kuitegea hiyo fidia. Kule Nyamongo, Tarime, karibu na mgodi wa North Mara, mchezo wa kupanda miti na kusimamisha vibanda haraka haraka ili vithaminiwe umepewa hadi jina: tegesha. Tegesha ni kamari, na mthamini ameshauona mchezo huo mara nyingi kuliko wewe. Uliza ofisi ya madini kama eneo lina leseni. Likiwa nayo, tafuta pengine.

Unanunua kwa nani?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipia kiwanja katika mji ambao hautatajwa. Palikuwa na mkataba, mashahidi wawili, hata mhuri. Alipofika na lori la tofali alikuta mahindi yamefika magotini na mama mmoja ameegemea jembe, akamuuliza kwa utulivu: "Baba, nani amekuuzia shamba langu?" Muuzaji alikuwa shemeji wa mama huyo. Mhuri ulikuwa wa kweli. Kilichokosekana ni mama yule, na bila yeye mengine yote yalikuwa karatasi.

Umatengoni jambo hili lina mizizi mirefu. Kwa jadi ya Wamatengo, ardhi ilishikwa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, ambao ukoo mmoja uliukalia na kugawana. Ni kwenye miteremko hiyo walikobuni kilimo cha ngoro: majani yaliyofyekwa hupangwa miraba, yakafunikwa udongo, yakaacha mashimo yanayoshika mvua isiporomoshe mlima. Shamba la namna hiyo ni kazi ya baba, mama na watoto kwa miaka. Kijana mmoja wa ukoo akikuuzia kipande cha ntambo, hata kama ndiye anayekilima leo, jiulize ni watu wangapi wanajihesabu humo.

Sheria nayo iko wazi. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi, kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye sauti katika ugawaji. Mwenye hakimiliki ya kimila anayetaka kuihamishia kwa mwingine anapaswa kupitia halmashauri hiyo. Mhuri wa mwenyekiti peke yake uliogongwa jioni nyumbani kwake si kikao. Omba nakala ya muhtasari wa kikao chenyewe, wenye tarehe na majina ya waliohudhuria. Sheria hiyo pia inabatilisha mila yoyote inayowanyima ardhi wanawake, watoto au wenye ulemavu. Na mke au mume ana haki katika nyumba ya ndoa, haki inayolindwa tangu Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwenzi asiposaini, hujanunua.

Muuzaji akisema mali ni ya marehemu baba, omba barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo ni kizuri kwa amani, ila pekee hakitoshi. Watake watoto wote wa marehemu, pamoja na dada walioolewa mbali, kwa sababu dada aliyesahaulika ndiye hurudi na wakili.

Kisha tembea mipaka. Si kwa kuonyeshwa kutoka barabarani, bali kwa miguu, pamoja na majirani wa pande zote nne. Kila mmoja aseme kwa kinywa chake: mpaka wangu ni mti huu, jiwe hili, korongo hili. Piga picha, andika, wasaini. Jirani anayekataa kuja ameshakupa jibu, na umelipata bure.

Karatasi na fedha

Uliza kwanza eneo liko chini ya nani. Katika Mji wa Mbinga, ambao una halmashauri yake, kuna mitaa na viwanja vilivyopimwa. Huko tafuta namba ya kiwanja, ramani ya upimaji, na barua ya toleo au hati. Hati kama hizo hutolewa kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99. Angalia imebaki miaka mingapi na kama kodi ya ardhi imelipwa. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa iliyoko Songea, uone jina lililoko kwenye daftari la Serikali kama ndilo lililoko kwenye kitambulisho cha muuzaji, na kama hakuna benki iliyoishikilia hati hiyo. Gharama ya upekuzi ni ndogo kuliko hasara ya kununua bila kuujua ukweli.

Kijijini tafuta hatimiliki ya kimila, na uiulizie kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Kama kijiji kinaelekea kutangazwa mji mdogo, ulizia mpango wa matumizi ya ardhi ukoje; kiwanja chako kinaweza kuwa kimechorwa kama soko, shule au barabara.

Fedha zipite benki au kwa njia nyingine inayoacha kumbukumbu, kwa jina la muuzaji mwenyewe. Usimalize malipo yote siku moja. Lipa sehemu, sehemu nyingine ibaki hadi muhtasari na saini zote zipatikane. Ada ya Serikali, iwe ya kijiji au ya halmashauri, ilipwe kwa kumbukumbu namba na ikupe risiti. Anayedai asilimia kumi ya mauzo iende mfukoni mwake, mwombe aiandike kwenye karatasi na kuigonga mhuri. Ataacha.

Na mgogoro ukitokea? Anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wao wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Hapo ndipo mzee aliyetembea mpaka nawe atakufaa kuliko mkataba wako wa kurasa nne.

Usinunue kwa magoma

Kalenda ya Mbinga inajulikana. Kahawa huchumwa katikati ya mwaka, fedha za vyama vya ushirika huingia baadaye, na Januari huja na ada, sare na gunia la mahindi lililoisha. Wanunuzi wajanja huja Januari. Bei zao ni nzuri.

Huku watu wanaijua biashara ya magoma, ile ya kumpa mkulima fedha kidogo wakati wa dhiki ili kahawa yake ikiiva iwe yako kwa bei ya kutupa. Ushirika na Serikali wamekuwa wakiikemea kwa miaka, na kila mtu anajua nani ametajirika nayo. Kununua ardhi ya mtu kwa shinikizo la ada ya mtoto ni magoma ya ardhi. Hata ukiweka kando dhamira, ni biashara mbaya: mauzo ya dhiki ndiyo yenye mke ambaye hakuambiwa, ndugu ambaye hakushirikishwa, na muuzaji atakayerudi msimu wa kahawa akiwa na fedha na majuto. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, muulize kama angependa kukukodishia shamba kwa misimu miwili badala ya kuuza. Yeye atabaki na ardhi, wewe utaijua ardhi kabla ya kuimiliki, na huenda siku moja akaamua mwenyewe kukuuzia, mchana, mbele ya watu.

Kwa hiyo, siku ile kijana mwenye simu mbili atakapokushusha pembeni mwa shamba la mihogo na kunyoosha mkono, mshukuru. Mwombe akusubiri kidogo. Toa futi kamba, nenda katikati ya barabara, anza kuhesabu. Kisha umuulize jina la mama anayelima mihogo ile, na kama yupo nyumbani.